Gundi

Kutu nimeiweza.
Kutu haina siri: msasa mkavu, kisha msasa wa maji,
inatoka unga mwekundu kama udongo wa Marafa,
unafagia, unasahau.

Grisi nayo, miaka arobaini ya grisi na vumbi la barabara ya Gongoni,
niliilaza kwenye karai la mafuta ya taa usiku kucha,
alfajiri ikajivua yenyewe, gamba zima.

Ila hapa, kwenye mgongo wa fremu,
pale mguu unapopita ukipanda hizi Honda za zamani,
pana kiraka cha gundi.
Rangi ya asali iliyoungua. Upana wa kiganja.
Kimegoma.

Petroli: hakikusikia.
Tina: kilinung'unika kidogo, kikakauka tena.
Wembe ulivunjika, ncha ikaingia kidoleni mwangu.
Ngumbao, tunayefundika naye hapa uani kwetu Maweni,
anasema, Nyevu, piga rangi juu, nani atachungulia?
Kisha, akiona sicheki,
anamkumbuka Mtaliano mmoja wa Casuarina
aliyefufua Vespa kwa mafuta ya nazi:
unapaka, unaacha, unakunywa chai, unarudi.

Tukapaka. Tukanywa chai na mahamri ya jana.
Nikaazima draya saluni ya jirani,
nikavuta waya kupitia dirishani.

Hewa ya moto. Gundi ikaanza kutoa jasho,
ikanuka ndara iliyosahauliwa juani,
na chini ya ule utelezi nikaona alama,
vimiraba, vimiraba, safu kwa safu:
mtu alikata ndara akaibandika hapa.
Nikacheka peke yangu. Nikamwita Mama
aje akione kiti changu,
kiti nilichokalia katikati ya mikono ya Baba,
pua kwenye upepo, miguu haifiki popote.
Nilikikumbuka kabisa.
Nilikumbuka hata ubaridi wa kioo cha mita.

Mama akainama, leso kiunoni.
"Wewe hukupanda hii," akasema.
"Ulikuwa na degedege. Nilimkatalia mpaka tukanuniana."

Draya ikaendelea kuvuma.

Baba alikuwa karani wa chumvi.
Jumatatu kwenda, Ijumaa kurudi,
chumvi kwenye pindo za suruali, chumvi kwenye nyusi.
Tulimkung'uta mlangoni, tukaona tumemaliza.

Ngumbao akaenda kutafuta spana namba kumi
iliyokuwa mkononi mwake.

Mama akaingia ndani, akatoka na kijiko cha bati,
kile cha ukoko, kilicholika upande mmoja.
Hakuniuliza. Akakwangua
kama anavyokwangua sufuria ya pilau,
kwa kuvuta, si kwa kusukuma,
na gundi iliyonishinda siku tatu
ikajikunja mbele yake, uzi baada ya uzi.

Nusu ya kazi akasimama.
Akapima kwa shubiri, pale palipong'aa na pale palipobaki.
"Miaka mitatu," akasema. "Minne, si zaidi.
Makalio madogo haya."
Akapuliza vumbi.
"Sasa atakuwa na watoto wake."

Nikamwuliza, nimalizie au niache?
Akanipa kijiko, mpini kwanza.
"Rangi haishiki juu ya gundi. Si wewe uliyesema?"

Kimebaki kijistari kimoja kwenye kovu la kuchomelea,
mahali kijiko hakifiki.
Nitatafuta mswaki.
Draya inatakiwa saluni kabla ya saa kumi,
kuna bibi harusi ameketi na kichwa kibichi.